Maji ya Kwanza

Maji ya kwanza hayamwagwi mtaroni.
Hivyo alinifunza Sista Gaudensia, mwaka wa njaa ya gorogoro,
vidole vyangu vikiwa vyembamba kama njiti:
vitambaa vya altare viloweke peke yake,
usivichanganye na soksi za Padre,
kisha maji yale yapeleke nyuma ya sakristia
uyamwage taratibu, udongoni, penye mwaridi.
Kuna chembe, alisema. Huzioni, lakini zimo.

Miaka thelathini na minane nikaunywesha mwaridi ule
chembe nisizoziona.

Leo langoni pana bango:
UKUMBI WA MNARA, EBUSHILOLI.
Harusi, mahafali, semina. Viti mia tatu.
Hatukopeshi.

Sitasema uongo: mkono wangu ulikuwa juu.
Siku ile ya kura ukuta wa kaskazini ulikuwa na ufa
unaopitisha ngumi,
kanisa jipya kule barabarani lilidai mabati,
na wodi ya wajawazito haikuwa na paa.
Mke wa Mukolwe alijifungua chini ya mwavuli.
Nikainua mkono. Ukabaki juu kitambo
kama wa mtoto aliyesahau jibu.

Barua ya Askofu ikaja. Padre akaisoma mara mbili,
mara ya pili polepole, kana kwamba herufi zina miiba.
Wakaling'oa jiwe la altare, lenye mfupa wa mtakatifu
ambaye jina lake hatukuwahi kulishika vizuri,
wakalifunga kwa blanketi la kijivu la zahanati,
wakalipakia pikapu, kati ya jembe na gunia la mbegu.
Likaondoka hivyo.
Mbwa mmoja akalifuata hadi mizani ya miwa.

Babu yangu Lutomia alifinyanga matofali ya ukuta huu.
Kidole gumba chake kimo katika tofali moja,
upande wa machweo, kimo cha kiuno.
Fundi wa rangi alitaka kulipaka. Nikampa chai
na chapati mbili, akaliruka.

Bwana Osundwa, aliyenunua, si mtu mbaya.
Anavua kofia akiingia, halafu anakumbuka, anaivaa tena.
Kiungamo amekigeuza kibanda cha soda:
unainama kwenye kidirisha kilekile,
unasema haja yako kwa sauti ya chini,
unarudishiwa chenji.
Vituo vya Njia ya Msalaba vimeacha miraba kumi na minne
myeupe ukutani. Wapiga picha wanaipenda.

Kengele imebaki. Mkataba unasema isipigwe.
Lakini Jumamosi moja dijei, kijana wa Kisumu asiyejua lolote,
alikata muziki, akavuta kamba kumshangilia bibi harusi,
na ilikuwa saa sita kamili.
Shambani kwa Netia jembe likasimama hewani.
Jikoni wapishi wakapeleka mikono usoni, kifuani, begani,
wakabaki na misalaba ya unga kwenye nguo.
Hata bibi harusi, pamoja na kope zake za bandia,
vidole vilikwenda vyenyewe.
Muziki ukarudi, sote tukaona haya
kama watu waliokutana uchi mtoni.

Mimi nafua vitambaa vya meza. Mia na ishirini, kila Jumatatu.
Vina supu, vina rangi ya midomo, vina bia,
vina nta ya mishumaa. Nta naijua:
karatasi ya kaki juu, pasi ya makaa, usiharakishe.
Mjukuu wangu Nanzala huniuliza kwa nini karai la kwanza
nalibeba hadi nyuma ya sakristia, siku hizi choo cha wanawake,
na mtaro uko hapa hapa miguuni.

Namwambia mgongo unataka mazoezi.

Mwaridi umechanua nje ya majira.
Ukiusogelea sana, unanukia mchuzi kidogo.
Namwaga taratibu.
Zimo chembe: wali, keki,
huenda na kitu kingine.
Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi.
Wala zamani hayakuona.